Baba anataka dume mkubwa wa Shorthorn: tumpimeje kabla ya kulipa?

Swali: Shikamoo daktari. Nafuga pamoja na baba yangu huku Sanya Juu, wilaya ya Siha. Tuna majike 42, wengi wa kienyeji na wachache chotara wa Boran. Kuna mtu anatuuzia dume wa Shorthorn mwenye rangi nyekundu iliyochanganyika na nyeupe. Anasema ana miezi 20, kilo 520, ametoka ng'ambo ya mpaka na ana karatasi za ukoo. Anaye na mwingine wa umri huohuo, mwekundu mtupu, mwili mdogo kidogo. Baba anamtaka yule mkubwa, anasema dume ni mwili. Mimi nina wasiwasi. Tuangalie nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na mzee mpe salamu zangu. Yule mkubwa msimlipe bado, na yule mdogo msimkatae bado. Uliyoniandikia, yaani kilo, rangi na karatasi, yanasema machache sana kuhusu kazi mnayomtafutia. Mnataka dume atakayewapa majike mimba mapema, ndama wazaliwe bila kuvutwa, na mabinti zake waweze kuishi kwenye malisho yenu wakati wa kiangazi bila kukonda mpaka waache kuingia joto. Hayo ndiyo ya kupima.

Kwanza hakikisheni ni mnyama gani. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye nundu ameandikwa vyuoni na wizarani kwa jina la Shorthorn Zebu wa Tanzania. Huyo ni tofauti kabisa na Shorthorn wa Uingereza, asiye na nundu, aliyeanzia bonde la mto Tees kaskazini-mashariki ya nchi hiyo. Nimeona watu wakielewana bei huku kila mmoja akiwaza mnyama wake. Muuzaji akisema Shorthorn, tazama mabega kabla ya kutazama karatasi.

Sasa hilo la mzee, kwamba dume ni mwili. Waingereza wenyewe walianzia hapo. Charles na Robert Colling, ndugu wawili walioitengeneza aina hii ya ng'ombe mwishoni mwa karne ya 18, walipata umaarufu kwa wanyama wawili wakubwa mno waliozungushwa nchini ili watu wawashangae. Mmoja, Durham Ox, aliyezaliwa 1796, alikuwa maksai. Wa pili alikuwa mtamba mweupe aliyezaliwa pacha na ndama dume. Mtamba wa namna hiyo karibu kila mara huwa tasa, kwa sababu homoni za pacha wake humharibia kizazi wangali tumboni. Yaani wale waliotangaza ukubwa wa Shorthorn hawakuwa na uwezo wa kuzaa hata ndama mmoja, na kutozaa huko ndiko kulikowanenepesha. Msimulie mzee, kisha mwulizeni muuzaji huyu mkubwa amelishwa nini.

Kilo 520 kwa miezi 20 si jambo la ajabu kwa Shorthorn. Akikomaa hufika kilo 900 na kuzidi. La kuuliza ni kilo hizo zimejengwa na nini. Dume aliyeshindiliwa pumba na mashudu ili auzike huweka mafuta kwenye shina la mkia, kifuani, na hata kwenye shingo ya mfuko wa korodani. Hapo pa mwisho ndipo penye hasara. Korodani zinatakiwa ziwe na joto pungufu kuliko mwili kwa nyuzi 2 hadi 6. Mafuta yakikaa pale juu joto halitoki, na mbegu zinaharibika mnyama akiwa bado anang'aa. Halafu mkimwachia kwenye nyasi za kawaida anaporomoka mwezi wa kwanza tu, mwezi uleule mnaomtegemea apande. Dume mzuri wa kununua ni yule mbavu zake huzioni, lakini ukipitisha kiganja unazihisi.

Kabla sijafika kwenye kupima, kuna uamuzi mkubwa kuliko hata wa dume yupi: mnataka damu ya Shorthorn kiasi gani? Kaskazini mwa Australia walifuga Shorthorn kwa miongo mingi, wakateswa na kupe na joto, hatimaye wakaingiza damu ya Brahman, ng'ombe mwenye nundu. Marekani, shamba la King Ranch huko Texas lilichanganya Shorthorn na Brahman mpaka likapata Santa Gertrudis, sehemu tano kati ya nane Shorthorn na sehemu tatu kati ya nane Brahman. Dume aliyekuwa msingi wake, Monkey, alizaliwa 1920, na aina hiyo ikatambuliwa rasmi mwaka 1940. Afrika Kusini, Jan Bonsma alianza mwaka 1937 kazi iliyozaa Bonsmara. Yeye aliacha sehemu tano kati ya nane ziwe za Afrikaner, ng'ombe wa hukohuko, na Shorthorn akampa sehemu tatu tu kati ya kumi na sita, sawa na Hereford, ng'ombe mwingine wa Uingereza. Kila palipo na jua na kupe, Shorthorn amefanikiwa akiwa mchanganyiko.

Kwenu Sanya Juu hali ni nafuu kuliko kule chini uwandani kuelekea uwanja wa ndege wa KIA. Usiku kuna baridi, na ng'ombe wa kisasa hupumua vizuri. Hata hivyo kupe mnao. Kwa ushauri wangu msivuke nusu damu kwa majike wanaochungwa. Mtamba wa nusu kwa nusu, mama wa kienyeji au Boran na baba Shorthorn, ndiye anayefaidi zaidi nguvu ya uchotara: anakua haraka, ana maziwa ya kutosha ndama wake, na bado anavumilia. Mkimrudishia Shorthorn huyo mtamba, mjukuu anakuwa na robo tatu, na hapo mtaanza kumlipa muuza dawa kila wiki. Tena akirudishiwa dume yuleyule ni baba yake mzazi. Kwa hiyo huyo mtakayemnunua, awe nani, mpangieni siku ya kuondoka. Ikifika miaka miwili na nusu hivi tangu aanze kazi, mabinti zake wa kwanza wanakaribia umri wa kupandwa, naye awe ameshauzwa au kubadilishwa na jirani.

Twende kwenye kupima. Nendeni asubuhi, dume akiwa hajapandisha joto la jua, na awe kwenye kibanio imara. Shorthorn wana sifa ya upole na ni kweli wengi wao ni wapole, ila dume mpole ndiye anayeumiza watu, kwa sababu hawamchungi.

Anza na mdomo. Mnyama wa miezi 20 atakuwa bado ana meno yote ya utoto, au jozi ya kwanza ya meno ya ukubwa imetoka au inachomoza pale katikati. Ukikuta meno manne makubwa, huyo ana miaka miwili na nusu au zaidi, na kilo 520 zake sasa ni chache. Hapo umejua umri, na umemjua muuzaji.

Kisha atembezwe kwenye ardhi ngumu, wewe ukisimama ubavuni. Mguu wa nyuma unatakiwa ukanyage pale ulipotoka wa mbele au karibu sana na hapo. Ukitua nyuma mbali, ama ana maumivu, ama miguu yake ya nyuma imenyooka kupita kiasi. Mguu ulionyooka mno haupunguzi kishindo, na dume akipanda uzito wote unakaa nyuma. Tazama kifundo cha nyuma kama kimevimba, tazama kwato kama zimeanza kupindana. Malisho yenu yana mawe. Dume anayechechemea hapandi, hata mbegu zake ziwe nzuri namna gani.

Sasa korodani, na hapa usione haya, maana ndipo pesa yenu ilipo. Simama nyuma yake. Shika shingo ya mfuko kwa mkono mmoja, taratibu, uzishushe korodani zote mbili mpaka chini ya mfuko. Vidole na kidole gumba vikae pembeni. Ukiweka kidole gumba katikati utazitenganisha na kipimo kitadanganya. Pitisha futikamba laini pale palipo panene zaidi, ikaze iguse ngozi bila kuibonyeza, usome. Kwa madume wa kisasa kiwango cha chini kinachokubalika ni sentimita 32 kwa miezi 18 hadi 21, na 34 akishapita miaka miwili. Chini ya hapo mwacheni, hata akiwa na kilo 600. Halafu papasa. Zote mbili ziwe karibu sawa, ngumu kiasi cha msuli uliokazwa, zikiteleza ndani ya mfuko bila kunata. Kule chini kabisa utakuta kifundo kidogo, mkia wa mrija unaohifadhi mbegu. Kiwe kimejaa na kisimuume. Korodani laini kupita kiasi, au moja kubwa na moja ndogo, ni sababu tosha ya kurudi nyumbani.

Mzee akiuliza kwa nini nahangaika na sentimita, mwambie hivi: kipimo hicho kinarithiwa vizuri, na mabinti wa dume mwenye korodani kubwa huanza kuingia joto mapema kuliko wenzao. Anayetaka mitamba wazae mapema anaanza kuichagua hapo.

Kipimo cha mbegu zenyewe si cha macho. Mwiteni daktari wa mifugo wa wilaya, au waulizeni watu wa kituo cha taifa cha uhimilishaji, NAIC, pale Usa River, wawaelekeze mtaalamu wa kuzichukua na kuzitazama kwa hadubini. Viwango vinavyotumika ni angalau asilimia 30 ya mbegu ziwe zinakwenda mbele, na angalau asilimia 70 ziwe na umbo kamili. Dume akishindwa mara ya kwanza asihukumiwe papo hapo. Mbegu moja huchukua takriban siku 61 kutengenezwa, kwa hiyo homa aliyougua mwezi uliopita inaonekana leo. Anapimwa tena baada ya miezi miwili, lakini akiwa bado kwa muuzaji, si kwenu.

Daktari akiwa hapo achukue na damu ya kupima brusela, ugonjwa wa kutupa mimba. Mkiambiwa dume ameshapanda majike wa watu, ombeni pia aoshwe ala ya uume, maji hayo yapelekwe maabara ya mifugo ya serikali, TVLA, Arusha kutafuta vimelea vinavyoambukizwa kwa kupandana. Dume mwenye vimelea hivyo haonyeshi dalili yoyote. Mtajua majike wakianza kurudia joto mmoja baada ya mwingine, na mwaka umekwisha. Kama ana nafasi, muuzaji amwonyeshe jike aliye kwenye joto mbele yenu. Wapo wenye mbegu safi wasio na hamu, na hilo futikamba haliwezi kukuambia.

Kuhusu karatasi. Shorthorn ndio ng'ombe wa kwanza duniani kuandikiwa kitabu cha ukoo, cha George Coates, mwaka 1822, kwa hiyo karatasi zao ni za kuheshimiwa. Ila heshima ya jina iliwahi kuwapofusha watu. Mwaka 1873 huko New York Mills, Marekani, ng'ombe jike mmoja wa ukoo wa Duchess aliuzwa dola 40,600, kwa wakati ule. Ukoo huo ulikuwa umezalishwa ndugu kwa ndugu kwa muda mrefu na uzazi wake ulikuwa dhaifu. Waliokuwa wakinunua walinunua jina. Miaka hiyohiyo, Mskoti Amos Cruickshank alikuwa akichagua madume kwa mwili wenye nyama na afya, na ni madume wake waliokuja kujaza mashamba.

Karatasi mnayoitaka ninyi ni yenye makadirio ya urithi. Marekani huitwa EPD, Australia na Uingereza hutumia EBV. EPD inasema watoto wa dume huyu watatofautiana na wa dume mwingine kwa kiasi gani, kwa wastani. Tuseme mmoja ana +4 kwenye uzito wa kuzaliwa na mwenzake +1. Wakipandishwa kwa majike wa aina moja, ndama wa yule wa kwanza watazidi kwa ratili 3, yaani karibu kilo 1.4. EBV humpima mnyama mwenyewe, kwa hiyo igaweni kwa mbili ndipo mpate kinachofika kwa ndama. Msilinganishe namba za nchi mbili, kila moja ina mizani yake. Na tazameni namba ya uhakika iliyo chini yake, kati ya 0 na 1 kwa EPD, au kwa asilimia kwa EBV. Kwa dume kijana asiye na watoto huwa ndogo, na hiyo ni kawaida.

Kwenu ninyi mstari wa kwanza kusoma ni urahisi wa kuzaa. Ndama wa Shorthorn halisi huzaliwa na kilo 35 hadi 40 hivi, na jike wenu wa kienyeji ana kilo 250. Habari njema ni kwamba mama mwenye nundu humzuia ndama asikue kupita kiasi tumboni, ndiyo maana baba wa kisasa kwa mama zebu huleta shida pungufu kuliko kinyume chake. Pamoja na hayo mitamba wa kwanza kuzaa msimpe Shorthorn yeyote. Pia ulizeni vipimo vya kasoro mbili za kurithi zilizoenea kwenye baadhi ya koo za Shorthorn za Amerika Kaskazini, kwa kifupi TH na PHA. Ya kwanza huzaa ndama asiye na mfupa wa muundi uliokamilika, ya pili ndama aliyejaa maji mwilini na mapafu yasiyokua. Ndama huugua akirithi kasoro kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo kizazi cha kwanza na majike wenu hamtaona kitu. Mtaiona mkija kuwapandisha watoto wake wenyewe kwa wenyewe. Kipimo cha vinasaba kipo, na dume mwenye karatasi za kweli anatakiwa awe nacho.

Rangi niimalize haraka. Mchanganyiko wa nyekundu na nyeupe hutokea mnyama akipata nyekundu kwa mzazi mmoja na nyeupe kwa mwingine. Hauongezi nyama wala maziwa. Tahadhari yangu ni kwenye ngozi: mnyama mwenye ngozi ya waridi kuzunguka macho huungua jua na hupata vidonda vya macho. Katika hilo yule mwekundu mtupu yuko mbele.

Hatari kubwa kuliko zote baada ya kulipa ni ndigana kali. Dume aliyekulia mahali pasipo na kupe wa ugonjwa huo anaweza kufa ndani ya wiki tatu au nne tangu ashuke kwenye gari. Ulizeni kama amechanjwa na kuvishwa hereni ya chanjo sikioni. Kama hajachanjwa, achanjwe na mtaalamu kabla hajaguswa na malisho yenu, akae bandani peke yake siku 30, aogeshwe kwa ratiba, na masikio yakaguliwe kila siku, kwa ndani. Kibali cha kuingiza mnyama na cheti cha daktari wa huko alikotoka mvione kwa macho yenu. Akikosa hivyo msiendelee hata na mazungumzo ya bei.

Sasa hesabu ambayo nadhani hamjaifanya. Dume wa miezi 20 msimu wa kwanza apewe majike 15 hadi 20, si 42. Aliyekomaa ndiye anayebeba 25 au 30. Kwa hiyo hata mkinunua leo, nusu ya kundi lenu haina dume. Ningekuwa mimi, chotara wa Boran na wale wa kienyeji wenye miili mikubwa wangepewa Shorthorn, na waliobaki, pamoja na mitamba wote, wangepandwa na dume wa Boran. Na kwa kundi dogo hivyo la Shorthorn, ningeuliza kwanza NAIC au mhimilishaji wa wilaya kama mirija ya mbegu inapatikana. Mrija haupati ndigana, unatoka kwa dume mwenye mabinti waliokwisha kupimwa, na hauji kumlemea jike wa kilo 250. Sharti lake ni mtu wa kuangalia joto asubuhi na jioni bila kukosa, na nyumbani kwenu mtu huyo ni wewe.

Mkibaki na nia ya dume hai, wekeni makubaliano kwa maandishi kwamba malipo yatafanyika baada ya matokeo ya mbegu na damu, na gharama ya daktari mlipe ninyi ili awe mtu wenu. Muuzaji akikataa dume asipimwe, mmepata jibu. Kwa sasa niandikie mzunguko wa korodani na idadi ya meno makubwa ya kila mmoja, na upige picha karatasi zao zote mbili pande zote. Nitakuambia nani kati yao, au kama ni hakuna.